Kahama Alipindua Bakuli

Simu yangu haina majina, ina miji. Kahama, Songea, Masasi, Muscat, kisha Makambako Mkubwa na Makambako Mdogo, ambao ni mtu na wifi yake. Siku moja mume wangu aliichukua kutafuta namba ya fundi bomba, akashusha, akapandisha, akaniuliza kama nimefungua kampuni ya mabasi bila kumwambia.

Hao wote ni wenyeji wangu. Ni wanawake waliokubali kuwakusanya wenzao sebuleni, saluni au uani, ili mimi niliyeko Tabata, Dar es Salaam, nionyeshe mabakuli kwa simu. Mkusanyiko huo tunauita pati. Nauza vyombo vya plastiki, vile ambavyo mfuniko wake unabana mpaka hewa haipiti. Kampuni ni ya nje, jina lake halina kazi hapa. Ni biashara ya mtandao, ile ya kuuza na kusajili wengine chini yako nao wauze, sifichi, na najua neno hilo limekukumbusha nani: yule uliyesoma naye, mmepoteana miaka kumi, anaanza na "mambo, umeadimika sana", anamalizia na "kuna fursa nataka nikushirikishe". Mimi nimewahi kuwa huyo. Nitafika huko.

Kilichonipeleka mbali ni kwamba Tabata iliniishia. Bakuli lisilovunjika ni neema kwa mnunuzi na balaa kwa muuzaji, maana aliyelinunua harudi. Nilianza na kikoba chetu, nikaenda kwa majirani, nikaenda kwa wanakwaya, na kufikia mwaka wa pili nilikuwa nikiingia nyumba ya mtu nalikuta bakuli langu kabatini linanitazama. Kicheni pati ndizo zilizonifungulia njia. Kule hukutana watu wa mikoa: shangazi katoka Kahama, mama mdogo katoka Masasi, wamekuja na doti za khanga na wanarudi na katalogi yangu kwenye pochi. Wakifika kwao wanapiga. "Dada wa mabakuli, na huku tunayataka."

Mzigo si tatizo. Boksi unalizungushia selotepu, unaandika namba ya simu kwa maka peni pande mbili, unalipeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, unakatiwa risiti, na kesho yake mtu wa Kahama anapigiwa simu aje achukue. Tatizo ni mikono. Pati hii ni kazi ya mikono. Unalishika bakuli, unalijaza, unalifunga, unalipindua, unampa mama aliyekaa mwisho alifungue mwenyewe. Mikono yangu haifiki Kahama.

Ilinichukua muda, na rafiki mmoja, kuelewa kwamba hilo tatizo ndilo lililokuwa linanisaidia.

Rafiki mwenyewe ni Songea. Tulisoma naye chuo cha ualimu, yeye kitanda cha juu mimi cha chini. Nilipomwomba anifanyie pati hakuuliza hata ni pati ya nini. Walikuja wanawake tisa, walimu wenzake karibu wote, na kwa saa nzima nilizungumza mimi. Songea alishika simu tu. Aliishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyebebeshwa keki ya watu, akiigeuza kila mtu anione. Tisa walikuja, tisa walinunua, kila mmoja kitu kimoja kidogo, kijiko cha kupimia au kikombe cha mtoto. Ningekuwa na akili siku ile ningejua kwamba wale hawakununua chombo. Walikuwa wanamwondolea mwenzao aibu.

Usiku uleule nikampigia. Mwezi ulikuwa unaishia na mimi nilihitaji mtu mmoja tu chini yangu ili nipande daraja. Hilo sikumwambia. Nilimwambia habari za ndoto, za ada za watoto, za mwanamke kutomnyooshea mtu mkono. Nilizungumza vizuri sana, nasikitika kusema. Akanisikiliza, akasema, "Sawa shoga yangu, kama wewe unaona ni kitu kizuri." Akachukua mkopo kwenye kikoba, akanunua begi la kuanzia, na juu yake mzigo wa 400,000, kwa sababu nilimweleza kwamba mteja haagizi asichokiona. Mimi nikapanda daraja. Nikapigwa picha Dar nikiwa na beji kifuani. Ile beji sasa iko kwenye droo ya vijiko.

Aliuza mabakuli mawili. Baada ya hapo nikipiga simu anapokea mwanaye: "Mama anaoga." Asubuhi mama anaoga, mchana mama anaoga, saa tatu usiku mama anaoga. Kwa muda wa mwezi mzima rafiki yangu alikuwa mtu msafi kuliko wote mkoa wa Ruvuma. Kisha hata mtoto akaacha kupokea.

Nilimsajili mtu aliyenipenda. Kazi yenyewe hakuwa ameigusa, na mimi sikumpa nafasi ya kuigusa, maana nilijaza saa nzima kwa sauti yangu. Pati ilipokwisha nilijua kitu kimoja tu juu yake, kwamba hawezi kuninyima, na hicho ndicho nilichokitumia.

Wakati huo nikaanza kusoma habari za waliotutangulia kwenye kazi hii, nusu kwa kutafuta mbinu na nusu kwa kutafuta mtu mwingine wa kulaumu. Wa kwanza ni bibi mmoja wa Marekani, Persis Foster Eames Albee, wa mji mdogo wa Winchester, New Hampshire. Mwaka 1886 David McConnell, muuza vitabu wa mlango kwa mlango, alianzisha New York kampuni ya manukato ambayo baadaye ilikuja kuitwa Avon. Yeye yuko New York, Bibi Albee yuko kwao, umri wake miaka 50. Na ndiye aliyekuwa akipanda treni na gari la farasi kutafuta wanawake wa miji ya mbali wa kuyauza, katika nchi ambayo wanawake wake walipata haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920. Kwa hiyo umbali si jambo lililoletwa na WhatsApp. Kazi hii ilizaliwa nao. Lakini kilichonisimamisha ni kwamba McConnell hakumwokota njiani. Alikuwa ameshamfahamu kwa kuuza vitabu.

Wa pili ndiye mama wa pati zetu hizi, Brownie Wise, aliyekuwa akilea mtoto wake peke yake. Earl Tupper aliyabuni yale mabakuli ya Tupperware miaka ya 1940, akayapeleka madukani, yakalala kwenye rafu kwa sababu hakuna aliyejua mfuniko ule unafungwaje. Wise aliyachukua akaanza kuyauza majumbani kwa watu. Bakuli anajaza maji, analifunga, analirusha upande wa pili wa sebule. Oda zake zikawa kubwa mno kiasi kwamba Tupper alimwita, na mwaka 1951 akamkabidhi mfumo wote wa mauzo ya pati na kuviondoa vyombo madukani. Hapo pia kazi ilitangulia, cheo kikafuata. Mimi kwa Songea nilitanguliza cheo.

Sasa Kahama.

Kahama ni mama wa saluni. Tulikutana kwenye kicheni pati Kimara, yeye akiwa upande wa shangazi wa bwana harusi. Hakunichangamkia. Alishika jagi, akaligeuza akatazama chini, akauliza, "Hili likiwekwa ndimu linashika rangi?" Nikasema likikaa sana litashika. Akalirudisha mezani. Wiki mbili baadaye akapiga: Jumapili, saa kumi jioni, saluni kwake, nitumie chombo kimoja kimoja cha mfano na katalogi kumi.

Jumapili ile nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na meza, kitambaa cheupe, taa mbili, na bakuli la lita mbili limejaa maji yenye rangi ya chakula ili yaonekane vizuri. Kahama akawasha kamera. Wanawake 14, wengine wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, mmoja anasukwa, nusu ya kichwa imeisha nusu imesimama. Nikaanza. Dakika ya nne nikasikia, "Dada, picha yako inaganda. Sauti inakuja. Wewe niambie cha kufanya."

Nikamwambia achukue bakuli kubwa alijaze maji. Hakuchukua maji. Nilimwona, kwa vipande vipande, akifungua hotpoti yake ya mchana na kumimina mchuzi wa maharage, mwekundu wa nyanya, mpaka robo tatu. Nikamwambia: funga, halafu bonyeza katikati ya mfuniko kwa kiganja, na huku unainua ukingo kidogo kwa kidole gumba. Ile hewa ikitoka utaisikia. Ilitoka. Inatoa sauti kama mtoto mchanga aliyecheua, na saluni nzima ikacheka. "Sasa liinamishe kidogo," nikasema, maana kuliinamisha kunatosha kabisa.

Kahama akachukua taulo jeupe la saluni, akalitandaza mapajani kwa yule anayesukwa, mtu ambaye hawezi kukimbia kwa sababu kichwa chake kimeshikwa, na akalipindua bakuli juu yake, chini juu, kwa mkono mmoja.

Picha ikaganda hapo. Bakuli liko hewani, mdomo wa yule mteja uko wazi. Kisha nikasikia kelele. Nitakuambia ukweli, nilishaanza kupiga hesabu ya taulo, ya sketi ya watu na ya jina langu mkoa wa Shinyanga. Ilichukua pengine sekunde sita. Kelele ikageuka kicheko, kikaja kicheko juu ya kicheko, na sauti ya Kahama katikati: "Hata tone! Mmeona? Hata tone!"

Sikusema tena kitu cha maana mpaka pati ikaisha. Sikuhitajika.

Saa nne usiku aliniletea picha ya ukurasa wa daftari. Alikuwa amechora mistari kwa rula: jina, chombo, rangi, amelipa, salio, siku ya kumalizia. Pembeni ya jina moja ameandika "jagi kijani, anataka bluu kama ipo, kama haipo asipewe kijani, atasumbua". Mauzo 720,000. Pesa iliyokwishalipwa ikaingia kwenye simu yangu, na nilipoihesabu ilikuwa imezidi kwa elfu kadhaa. Nikampigia kumwambia amekosea. "Sijakosea," akasema. "Nimeongeza ya kutolea."

Kama huishi kwetu labda hilo halikugusi. Mimi nimefanya biashara ya simu miaka mingi, na watu walioniongezea ya kutolea bila kuombwa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapo ndipo ilinibainikia. Pati ya karibu inamficha mwenyeji. Unaingia na begi lako, unaonyesha, unachekesha, unaandika oda, unaondoka, na yeye amekaanga sambusa tu. Huwezi kujua ana nini zaidi ya sambusa. Pati ya mbali inamtoa nje. Atakusanya watu yeye, ataonyesha yeye, atadai madeni yeye, atasimama stendi yeye akingoja boksi. Mpaka vyombo vimefika kwa wenyewe ameshafanya kazi yako yote, na wewe umetazama. Ni usaili ambao hakuna aliyejua ni usaili, hata wewe.

Lakini sikumwambia kitu usiku ule. Kwa Songea nilikuwa nimejifunza kwamba usiku wa pati watu wana joto, na mtu mwenye joto anakubali chochote. Siku hizi nangoja mzigo ufike, ugawiwe, na mtu mmoja alalamike. Huwa hakosi. Kwa Kahama ilikuwa mfuniko wenye ufa. Aliyeupata ni mama wa duka la jirani, mdomo wake unajulikana. Kahama hakunipigia kwanza. Alichukua mfuniko wa bakuli lake la zawadi akampa yule mama, kisha akaniletea picha ya ule mbovu na ujumbe: "Huu ni wangu sasa, nibadilishie taratibu, hakuna haraka."

Ndipo nikampigia. Nikamwambia achukue kalamu.

"Pati yako iliuza 720,000," nikamwambia. "Mimi katika hizo nina asilimia 25, yaani 180,000. Wewe umepata zawadi ya vyombo vya 72,000. Sasa andika nilichotoa. Basi 25,000. Bodaboda za kugawia nilizokutumia 14,000. Kutuma na kutoa pesa 11,000. Zawadi yako kampuni imelipa nusu, mimi nusu, 36,000. Jumla 86,000. Zimenibakia 94,000, na bando sijahesabu. Hiyo ni pati nzuri. Nimewahi kufanya pati nikabakiwa na nauli ya daladala."

Akaandika. Nikasikia kalamu.

"Kazi umefanya wewe," nikaendelea. "Ungekuwa umejiunga, ile 180,000 ingekuwa yako, na gharama zake zako. Mimi ningepata asilimia 5 kutoka kampuni, 36,000."

Kimya. "Kwa hiyo mimi nikiingia, wewe 180,000 inakuwa 36,000."

"Ndiyo."

"Sasa unaniambia ili iweje?"

Nikamweleza lililokuwepo. Kwamba siwezi kuwa na pati ya Kahama kila mwezi nikiwa Tabata. Kwamba wale wanawake 14 wana ndugu Nzega, Bukombe na Geita ambao watamfungulia mlango yeye, mimi hawanijui. Kwamba asilimia 5 ya mtu anayefanya kazi ni kubwa kuliko 25 ya mtu anayeoga asubuhi mpaka usiku. Hilo la mwisho hakulielewa, na sikulifafanua.

Ndipo akauliza swali ambalo kila mwanamke mwenye akili wa umri wetu huuliza, na asiyeuliza namwogopa. "Dada, hii si kama ile ya DECI?"

Mama yake alikuwa amepanda. Wanaokumbuka wanakumbuka: watu walipeleka fedha zikaitwa mbegu, wakangoja kuvuna, waliotangulia wakavuna kweli, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake wakafikishwa mahakamani Kisutu. Kanuni ya Adhabu inakataza michezo ya aina hiyo, na kwa bahati mbaya imeuchukua upatu, neno letu la heshima la akina mama kupokezana fedha mtaani, ikaufanya jina la wizi. Hilo huniudhi, lakini tuendelee.

Sikumwambia "hapana" kwa haraka. Nilimwambia swali lenyewe ni fedha inatoka wapi. Kama inatoka kwa mtu anayetaka bakuli la kuwekea unga, ni biashara. Kama inatoka kwa mtu mpya aliyeingia, ni DECI yenye mifuniko. Na mstari huo ni mwembamba. Marekani kwenyewe walibishana miaka. Tume yao ya Biashara ya Shirikisho iliamua mwaka 1979 kwamba Amway si piramidi, ikitazama taratibu zake tatu: kampuni inarudisha mzigo usiouzika, mtu aonyeshe ameuza walau asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kuagiza kingine, na awe na wateja wa kawaida 10 kwa mwezi. Lakini uamuzi ule haukumaliza mjadala. Mwaka 2024 wataalamu wa tume hiyohiyo walipitia taarifa za mapato za kampuni 70 za aina yetu, wakaona walio wengi humo walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama. Nilimsomea Kahama hayo yote.

"Kwa hiyo wengi hawapati kitu," akasema.

"Wengi hawapati kitu."

"Mimi saluni yangu siiachi."

"Usiiache."

Akajiunga baada ya wiki tatu, kwa begi la kuanzia peke yake, 85,000. Mzigo wa kuweka dukani nilimkatalia alipouomba. Alishangaa. Kwenye semina zetu kukataa kumuuzia mtu wa chini yako mzigo ni sawa na kutukana, maana pointi zake ni pointi zako. Nikamwambia auze kwanza kwa oda, kama alivyofanya, mpaka apate pati tatu. Kabati la mtu si mahali pa kujazia pointi zangu.

Muscat alikuja kwa njia nyingine kabisa, na kwake nilikwama. Ni bibi mwenye asili ya Unguja, Kiswahili chake kinanitia aibu mimi na hiki cha kwetu. Alifanya pati usiku baada ya isha, kwao saa moja mbele ya kwetu, kahawa na halua mezani, na wajukuu wakisukumana kwenye kamera. Alinunua yeye, wakanunua mabinti zake, na mwisho akasema, "Haya mwanangu, na mie n'tie kwenye hicho kikosi chako." Nikafurahi mpaka nikasimama. Kisha nikakumbuka kwamba kampuni yetu humsajili mtu kwa nchi anayoishi, na Oman haikuwa kwenye orodha. Mwenzangu mmoja wa daraja la juu akanishauri nimwandikishe kwa anwani ya Tabata, "nani atajua". Nilijaza fomu mpaka nusu. Nilipofika kwenye namba ya kitambulisho nikaona ninachokifanya: bibi wa watu atauza kwa jina la uongo, na siku mteja wake akidai hatakuwa na pa kusimama. Nikamwambia ukweli. Akacheka. "Basi n'tabaki mgeni wako." Vyombo vyake alivichukua alipokuja Unguja kwa Idi, akarudi navyo Muscat kwenye sanduku la nguo, bakuli ndani ya bakuli, na ndani ya lile dogo kabisa akatia karafuu.

Timu yangu leo ina watu 11, wote wa mbali, na tisa kati yao walikuwa wenyeji kwanza. Grupu yetu haina zile salamu za alfajiri za "amka malkia, dunia inakungoja". Nilikuwa kwenye grupu kama hiyo, jumbe 200 kwa siku, na bando la mtu wa Masasi linaliwa na picha za maua. Kwetu kila Jumatatu mtu anatuma picha ya ukurasa mmoja wa daftari. Basi. Ukiona ukurasa mtupu wiki ya tatu, unampigia mwenyewe, peke yenu, humwiti mbele za watu. Kwa pati tatu za mwanzo za mtu mpya nakaa kwenye simu nikiwa nimezima maiki, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kumsikia mtu anakosea bei ya jagi na wewe unakunywa chai. Anayetaka kutoka anatoka kwa ujumbe mmoja. Sharti moja tu nalisisitiza hadi wananichoka: majina ya wateja yaandikwe kwa mkono, kwenye daftari lao, yasiwe kwenye programu ya kampuni peke yake.

Hilo nimelitoa kwa Brownie Wise. Mwaka 1954 alikuwa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week. Kule Kissimmee, Florida, aliwaita wauzaji wake kutoka nchi nzima, akawapa sepetu wachimbe zawadi zilizofukiwa ardhini. Januari 1958 Tupper alimwondoa. Hakuwa na hisa hata moja. Alipewa mshahara wa mwaka mmoja, na mwaka huohuo Tupper akaiuza kampuni kwa dola milioni 16. Maelfu ya wanawake walioingia kwa sababu yake walibaki na kampuni, yeye akabaki na jina. Niliposimulia hayo kwenye grupu Makambako Mdogo aliandika, "Sasa daftari langu nalala nalo."

Songea nilimwandikia. Ilikuwa baada ya Kahama kuuliza swali lake la DECI, maana usiku ule sikulala. Sikupiga, niliandika, ujumbe mrefu. Nilimwambia habari za mwisho wa mwezi na daraja langu, kitu nilichomficha. Nikamwambia anirudishie vyote alivyobaki navyo, nitanunua kwa bei aliyonunulia, nauli juu yangu. Muda wa kampuni kurudisha mzigo ulikuwa umepita zamani, kwa hiyo hiyo ilikuwa fedha yangu. Ujumbe ukaonyesha umesomwa. Hakujibu. Nikatuma fedha hivyohivyo, na ya kutolea.

Zilipita wiki sita. Alhamisi moja nikapigiwa na namba nisiyoijua. "Una mzigo wako hapa Mbezi kutoka Songea, uje kabla ya saa kumi na mbili, tunafunga."

Boksi lilikuwa lilelile nililomtumia mimi, maandishi yangu ya maka peni yamekatwa kwa mstari na jina langu limeandikwa juu yake kwa hati ya mwalimu. Nilifungulia palepale, juu ya ukingo wa saruji, konda wa basi jingine akinichungulia. Mabakuli yote yalikuwemo, yameoshwa, yamepangwa dogo ndani ya kubwa. Moja lilikuwa zito. Lilikuwa limefungwa, na katikati ya mfuniko kumebonyea vizuri, mtu alikuwa amelitoa hewa kama inavyotakiwa. Nikainua ukingo kwa kidole gumba. Lilikuwa limejaa dagaa wa Nyasa, wakavu, wa kung'aa, na mpaka nilipofungua hakuna mtu kwenye basi lile, kutoka Songea hadi Dar, aliyekuwa amesikia harufu yao.